Nilichomoa Waya Ili Waje Kunisukuma

Makosa ni yangu. Nasema hivyo mwanzo kabisa, msije mkahangaika kumtafuta wa kumlaumu. Mimi mwenyewe nimemtafuta sana huyo mtu, na kila nikigeuka najikuta mimi.

Jina langu sitalitaja. Hapa kwetu Msambweni mtaani wananiita Dereva, na hilo latosha. Miaka thelathini niliendesha magari ya hoteli moja kule Diani. Nilikuwa nikitoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi watu wameshafunga milango. Jirani akizaliwa mtoto, mimi nilikuwa napata habari mtoto ashaota meno. Harusi sikuenda, maziko nilikwenda machache. Mtaa ulikuwa wa mke wangu. Yeye ndiye aliyejua nani mgonjwa na nani kasafiri, na mimi nilikuwa nikisimuliwa nikila.

Nilistaafu, na mwaka haukuisha Mungu akamchukua mke wangu. Binti yetu mmoja yuko Doha na mumewe. Hunipigia simu kila Ijumaa baada ya sala, Mungu ambariki. Siku nyingine sita nilikuwa nasikiliza friji.

Sifanyi mzaha nikisema hivyo, jamani. Friji ikizima mngurumo wake nilikuwa nashtuka, kama mtu kaondoka bila kuaga.

Kitu kimoja nilichobaki nacho ni gari. Saluni kuukuu ya buluu, gia za mkono, hoteli iliniuzia lilipochoka kubeba wageni. Kila asubuhi saa moja nilikuwa naliendesha mpaka Ukunda, nanunua gazeti, nakunywa chai kibandani, narudi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya uzeeni. Sasa asubuhi moja nikatia ufunguo, nikazungusha, nikasikia "ta!" moja tu. Kimya. Nikazungusha tena. Ta!

Nilikaa mle ndani kama bwege. Kusema kweli niliona haya kutoka nje kuomba msaada kwa watu ambao nilikuwa nawapita na vumbi miaka yote hiyo.

Nikasimama langoni. Bakari akapita. Bakari ni jirani wa nyumba ya pili, mkwezi wa minazi, anapanda na kamba yake na panga kiunoni, hana kazi nyingine aliyowahi kufanya. Tumesalimiana miaka thelathini na sikujua ana watoto wangapi. Nikamwambia gari limekataa. Hakuuliza la pili. Aliweka panga ukutani, akamwita Omondi, mwashi wa kutoka bara aliyepanga chumba nyuma ya nyumba yao, na mkewe Bakari, Bi Mwanaisha, akatoka na unga mikononi kutazama. Kutazama kukawa kusukuma.

Uwanja wangu ni mchanga mtupu, si mchezo. Wakalisukuma, likanasa, wakalisukuma tena mpaka kwenye barabara ya changarawe. Mimi ndani, swichi imefunguliwa, gia ya pili, mguu kwenye klachi. Nilipouachia gari likakohoa likawaka. Wote watatu wakacheka, na Bakari akapiga buti la nyuma kofi kama anayeaga punda.

Kesho yake walikuja bila kuitwa. Ndivyo tulivyo huku kwetu, ukishamsaidia mtu leo, kesho humngoji aombe. Siku ya tatu Bi Mwanaisha akasema haiwezekani watu wasukume na matumbo matupu, akaleta birika na mahamri barazani kwangu. Gari likawa linanguruma pale nje peke yake na sisi tunakunywa chai. Bakari akalipa jina. Akaliita Bi Harusi, kwa kuwa haliendi mpaka lisindikizwe.

Hapo ndipo nilipojua Bakari ana watoto watano, wawili walikufa wachanga. Nikajua Omondi anajenga nyumba ya mamake kwao, kila akitoka kazini anajenga kichwani. Na wao wakajua sitii sukari kwenye chai, na kwamba goti la kushoto linaniuma mvua ikikaribia. Bi Mwanaisha alikuwa akiniuliza nimelalaje, halafu ananyamaza kungoja jibu. Tangu mke wangu afe, hakuna mtu aliyekuwa amelingoja jibu hilo.

Sasa nifike kwenye uchafu wangu.

Mimi ni dereva. Ugonjwa wa lile gari niliujua siku ile ile. Taa za mbele zilikuwa kali, honi inalia vizuri, kwa hivyo betri haina neno. Nikakwangua vichwa vya betri kwa kisu, nikakaza waya unaoshika bodi, bado ta. Nikachukua spana ya magurudumu, nikainama, nikaigonga stata, ile mota inayoamsha injini, pale ubavuni, taratibu, mara mbili. Nikazungusha ufunguo, likawaka. Anayejua magari ashanielewa. Stata inayoamka kwa kugongwa, kaboni zake za ndani zimekwisha. Utaigonga siku mbili tatu, ya nne haitakusikia.

Dawa yake ni kubadilisha. Nilikwenda Ukunda, nikapata stata ya mitumba nzima kabisa, nikaileta nyumbani imefungwa kwenye gunia. Nikaiweka kwenye buti. Ikakaa humo majuma mawili, na kila asubuhi wale watu wakawa wanalisukuma gari pamoja na dawa yake ndani!

Nilijiambia nasubiri nafasi ya kufanya kazi.

Nafasi ikaja. Kulikuwa na harusi kijiji cha Shirazi, ya mpwa wa Bi Mwanaisha, na karibu mtaa wote ulikwenda. Walinialika. Bakari mwenyewe alikuja kunichukua na kanzu yake imepigwa pasi, na mimi nikasema goti linanisumbua. Walipoondoka, nikatoa zana. Nilifungua kichwa cha hasi cha betri kwanza, nikatia mawe nyuma ya magurudumu, nikainua mbele kwa jeki na kuweka vigogo chini, nikatandika mkeka nikaingia. Stata inashikwa na bolti mbili tu. Ya chini ilitoka kwa adabu. Ya juu iko nyuma ya bomba la ekzosi, imeshikana na kutu, nayo ilinichuna ngozi ya vidole vyote. Asubuhi nzima nilikuwa chini ya gari kuukuu, na watu wamejaa Shirazi wanakula pilau wakiwa pamoja.

Ile mpya ikaingia. Waya mnene nikaukaza kwa nati. Waya mwembamba, ule unaoleta amri kutoka kwenye ufunguo, huo hauna nati, unachomeka tu kwa kidole. Ukumbukeni waya huo.

Nikarudisha betri, nikazungusha. Likawaka kabla sijamaliza kuzungusha! Nikapiga kelele kwa furaha, wallahi, peke yangu uwanjani, "Limewaka!" Nikageuka kumtafuta wa kumwambia. Kulikuwa na kuku wa Bi Mwanaisha.

Nikalizima, nikaliwasha, nikalizima. Nikasema kesho nitawaambia.

Kesho yake saa moja nilikuwa nimefungua boneti natazama maji ya rejeta. Nikasikia sauti zao njiani. Wanasimulia harusi, Omondi anacheka, Bi Mwanaisha kanibebea sahani ya pilau imefunikwa kawa. Nikawaza, nikiwaambia, watafurahi. Watanipa mkono. Na kesho kutwa kila mtu atashika njia yake, kwa kuwa shughuli imekwisha, na mimi nitawasha gari niende Ukunda nikanunue gazeti. Mkono wangu ulikuwa mle ndani. Ukateremka wenyewe ukauchomoa ule waya mwembamba.

"Hata leo limekataa?" Bakari aliuliza.

"Limekataa," nikasema.

Nilijiapiza ni siku hiyo tu. Ikawa miezi minne.

Nilikuwa na utaratibu, Mungu anisamehe. Wananisukuma, tunakunywa chai, naondoka. Ukunda kwenyewe sikufika tena. Nilikuwa naishia njia panda ya Gazi, naegesha pembeni, naurudisha waya, nakaa ndani ya gari saa nzima nikitazama malori ya Lunga Lunga yakipita. Kisha narudi nyumbani, nafungua boneti, nachomoa. Mtu mzima mwenye mvi!

Na wao hawakuacha kunitafutia njia. Omondi alisema ana ndugu Mombasa anayeuza spea, nikamwambia stata ya gari hili ni adimu. Bakari akashauri niwe nalilaza kwenye mteremko karibu na msikiti, nitateremka nalo bila kusumbua mtu, nikamwambia watoto watalichezea. Alinitazama kidogo. Nadhani aliona ni ubishi wa kizee. Juma lililofuata nikamwona anakuja na mkokoteni wa makumbi ya nazi, kazi yake ya siku nzima, akayatandaza kutoka mlango wa gari mpaka barabarani ili magurudumu yasizame. Alirudi mara tatu na mkokoteni ule. Nilimpelekea maji ya kunywa nikasimama pale, na stata nzima iko ndani ya gari, futi mbili kutoka mkononi mwangu. Nikamwambia ahsante.

Mvua za masika zikaja, mchanga ukawa mzito hata na makumbi. Asubuhi moja baada ya kusukuma nilimwona Bakari ameinama, mkono chini ya kitovu. Nikamuuliza ana nini. Akasema ni mshipa tu, huteremka na kurudi. Nilijua mshipa ni nini, ni ngiri ile ya utumbo kuteremka. Niliwahi kumpeleka mpishi wetu wa hoteli hospitali kwa mshipa huo huo, na njiani alikuwa analia.

Nyinyi mnaosoma, hapa ndipo naona haya zaidi ya kote. Niliujua. Na niliporudi nyumbani nilifungua boneti nikachomoa waya kama kawaida.

Asubuhi Bakari alikuja amejikaza leso ya mkewe kiunoni, kwa nguvu. Bi Mwanaisha alimkataza, akamjibu kwamba Dereva hana mtu. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, nimeketi kwenye usukani. Nikamtazama kwenye kioo cha pembeni, amebana meno, mabega kwenye buti. Ningeuchomeka waya ule kwa sekunde moja. Sikutoka. Niliangalia mbele nikangoja gari liende.

Siku tano baadaye, saa nne asubuhi, sikuwa nimetoka kwa ajili ya mvua. Bi Mwanaisha akaingia uwanjani bila viatu. Bakari alikuwa amepanda mnazi mmoja tu, akateremka, akaanguka chini pale shinani akishika tumbo, anatapika. Mshipa umekaba. Omondi yuko kazini Diani, bodaboda hawezi kumpakia mtu aliyejikunja vile, na gari mtaani ni langu peke yake.

Wanaume wawili waliokuwa wakipita wakamsaidia mkewe kumbeba mpaka kwangu, wakamlaza kiti cha nyuma. Alikuwa na rangi ya majivu. Kisha wale wawili, na Bi Mwanaisha, na mama yake mzazi Bi Mwanaisha, mzee kabisa ambaye hata fimbo huisahau wapi kaiweka, wakaenda nyuma ya gari wakajipanga. Hakuna aliyewaambia. Ndivyo gari langu linavyowashwa, kila mtu anajua.

Nikaingia ndani. Wakasukuma. Gari likasogea kidogo likazama kwenye matope, yale makumbi yakateleza. Nikamsikia bibi kizee yule nyuma yangu anahema, anamtaja Mungu. Na nyuma ya kiti changu Bakari anaguna. Wakasukuma tena. Likazama zaidi.

Nilikuwa na njia ya kuendelea kuficha, msidhani sikuiona. Ningesema ngojeni nimwite mtu wa tano, wa sita. Hata wakati ule, na rafiki yangu anakufa, akili yangu ilizunguka ikitafuta namna ya kuokoa uongo wangu. Sekunde chache tu, lakini zilikuwepo, na nitaulizwa juu ya hizo.

Nikashuka. Nikafungua boneti mbele yao wote, nikaingiza mkono, nikachomeka waya. Nikarudi, nikazungusha ufunguo.

Likawaka mara moja.

Bi Mwanaisha alikuwa bado ameweka viganja vyake kwenye buti, nilimwona kwenye kioo. Kisha nikasikia sauti ya Bakari kutoka nyuma, nyembamba, ya mtu anayeongea kwa pumzi za mwisho za kifua.

"Kumbe lawaka," alisema.

Gari bila kusukumwa, kwa gia ya kwanza na magurudumu juu ya makumbi ya Bakari mwenyewe, likatoka. Nilimfikisha hospitali, nikaendesha kama sijawahi kuendesha. Njia nzima Bi Mwanaisha alikuwa amempakata mumewe kichwa. Mimi nilikuwa nasoma dua kwa sauti. Hakuitikia amina.

Alipasuliwa siku hiyo hiyo. Alhamdulillahi, akapona. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu ingekuwa habari nyingine, na akasema kukwea minazi basi, kazi nzito basi. Mtasema kukwea nako kulichangia. Ndiyo, daktari naye alisema hivyo, kwamba mshipa hauna sababu moja. Nimejaribu kujificha nyuma ya sentensi hiyo na hainitoshi. Wenye minazi wamemtafuta mkwezi mwingine. Kamba ya Bakari imetundikwa msumarini barazani kwao, naiona kila nikipita.

Siku ya tatu nilimtembelea wodini. Bi Mwanaisha aliponiona aliinuka akaenda nje. Nikakaa. Bakari alikuwa anatazama dari.

"Tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu harusi ya Shirazi."

Naona alikuwa anaipita miezi ile, asubuhi moja baada ya nyingine, chai baada ya chai. Nikangoja anitukane. Kama angenitukana ningeshukuru.

"Kwa nini, Dereva?"

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa sikuwa nimebakiwa na kitu kingine. "Nilitaka muwe mnakuja."

Bakari akageuza uso ukutani.

"Tungekuja," akasema.

Basi. Nilimwekea machungwa pale mezani, nikaondoka. Nilikaa ndani ya gari kwenye uwanja wa hospitali nikalia mpaka mlinzi akaja kugonga kioo.

Tungekuja! Ningefungua mlango nikasema Bakari, jioni nipitieni tunywe chai, wangekuja. Ningekwenda Shirazi na kanzu yangu na goti langu bovu, wangeniwekea kiti. Mtu mwenye minazi ya watu ya kukwea, watoto watatu na mke, alikuwa tayari kukaa nami bila kusukuma kitu. Mimi sikuamini. Miaka thelathini nilikuwa nikihitajika kwa ajili ya gari, nikadhani na watu hawawezi kunijia ila kwa ajili ya gari.

Niliomba msamaha. Nilikwenda kwao na wazee wawili wa msikiti kama inavyotakiwa. Bakari alisema amesamehe, akanipa mkono mbele ya wazee, na sina shaka amesamehe kweli, maana ni mtu wa dini. Siku ya kliniki niliegesha nje ya mlango wao nimpeleke. Alitoka na fimbo, akasimamisha bodaboda. Omondi amehamia Bongwe, karibu na kazi. Ramadhani iliyopita sahani ya futari ililetwa kwangu kama inavyoletwa kwa kila jirani, ikawekwa barazani, na nilipofungua mlango aliyeileta alikuwa ashaondoka.

Nikipita nikitoa salamu, Bakari huijibu yote, mpaka rehma na baraka, kwa kuwa kuijibu ni wajibu. Baada ya salamu hapana neno.

Kwa hivyo wewe uliye peke yako, kijana au mzee, mwanamke au mwanamume, nisikilize mimi niliyekwisha kuharibu. Usijitie ulemavu usiokuwa nao ili watu wakushike mkono. Ukitaka watu, toka nje useme unawataka. Utaona haya, najua. Haya zile ni za siku moja. Hizi zangu nimeshindwa kuzimaliza. Na kama yupo mtu anayekusukuma sasa hivi, na wewe ndani unajua unaweza kwenda mwenyewe, shuka leo ukamwambie, kabla hujamwona kwenye kioo amejishika tumbo.

Makumbi bado yapo uwanjani, yameanza kuoza. Sijayaondoa. Bado naenda Ukunda kununua gazeti, saa ile ile ya saa moja, kwa kuwa sina kwingine pa kwenda. Stata ni nzima, haijawahi kunisumbua hata siku moja. Naingia, nafunga mlango, nazungusha ufunguo, na mtaa mzima unasikia linavyowaka.